Faraja Aliyonipa Mzee, Naileta kwa Watoto Wake

Rambirambi nyingi zimekwisha kuifikia familia ya Mzee wetu tangu alipotwaliwa, nazo zimemtaja kwa heshima anayostahili: mume mwaminifu, baba na babu, fundi seremala aliyeaminika, mzee wa kanisa aliyetumikia bila kutafuta jina. Yote hayo ni kweli. Mimi naandika kwa sababu nina deni kwake. Nilipofiwa na baba yangu mzazi, aliyenifundisha namna ya kuomboleza nikiwa mtu wa imani alikuwa ni yeye, na sasa msiba umeingia nyumbani kwake mwenyewe. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho, mwanzoni kabisa mwa waraka wa pili, kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu zote ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki, kwa faraja ile ile tuliyoipokea kwake. Nilikuwa nimeusikia mstari huo tangu utotoni, lakini sikuwahi kumwona mtu akiutenda mpaka Mzee alipokuja kuketi karibu nami.

Baba yangu alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, na watu walikuja wengi. Waliniambia maneno ambayo kila mfiwa anayajua: kazi ya Mungu haina makosa, tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi, jikaze, mama yako anakutegemea. Waliosema hivyo walinipenda, na wengine walikuwa wametoka mbali sana kuja kusimama nasi, kwa hiyo sina neno juu yao. Ninaamini pia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Hata hivyo, mfiwa ambaye bado anaisikia sauti ya baba yake masikioni, akiambiwa ukweli huo mara tu anapofungua kinywa kulia, huupokea kama karipio. Ukweli una wakati wake, na hata neno la Mungu likitumiwa kumnyamazisha mwenye huzuni huacha jeraha mahali palipohitaji dawa.

Mzee alifika jioni, akitokea moja kwa moja kwenye karakana yake. Mikono ya shati lake bado ilikuwa na chembe za maranda, na penseli yake bapa ya useremala ilikuwa imesahauliwa nyuma ya sikio. Alimwamkia mama yangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akavuta kiti na kuketi pembeni yangu. Alisema, “Pole, mwanangu,” akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba waliokuwa karibu wakaanza kumtazama, wakitarajia afungue Biblia aliyokuwa ameiweka magotini. Hatimaye aliniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, “Baba yako alikuwa akikuitaje mlipokuwa wawili tu?”

Nilimtajia jina lile la utotoni, jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiniita, na nilipolitaja nikatambua kwamba sitalisikia tena kinywani mwake. Ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu nipate habari. Hakuniambia ninyamaze. Alisema tu, “Lia, mwanangu. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake.”

Siku zilizofuata nilimwuliza kwa nini hakuwa amesoma Neno jioni ile, yeye aliyekuwa akilijua sana. Akaniuliza kama ninawakumbuka rafiki za Ayubu. Watu wengi huwakumbuka Elifazi, Bildadi na Sofari kwa hotuba zao ndefu zilizomkera Ayubu hata akawaita wafariji wa kutaabisha. Mzee alipenda kukumbusha kwamba watu hao watatu walianza vizuri mno. Mwisho wa sura ya 2 tunaambiwa kwamba walipomwona rafiki yao kwa mbali, hata wasimtambue, walipaza sauti zao wakalia, wakarusha mavumbi juu ya vichwa vyao, wakaketi naye chini muda wa siku 7, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno lolote, kwa maana waliona kwamba mashaka yake ni makubwa mno. “Siku saba walikuwa wafariji,” alikuwa akisema Mzee. “Siku ya nane wakaanza kumtetea Mungu, na Mungu hakuwa amewatuma.” Na kweli, mwishoni mwa kitabu ni Elifazi anayeambiwa kwamba hasira ya Mungu imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, na ni Ayubu, aliyekuwa amelia na kuuliza maswali mazito, anayetakiwa kuwaombea.

Lakini habari aliyoirudia kuliko zote ilikuwa ile ya Bethania, katika sura ya 11 ya Injili ya Yohana. Lazaro alikuwa amekwisha kuwa kaburini siku 4 Yesu alipofika. Martha alitoka kwenda kumlaki, akamwambia, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Baadaye Mariamu naye akaja, akaanguka miguuni pake, akasema maneno yale yale. Hapo Mzee alikuwa akisimama kidogo ili asikilizwe. Dada wawili, msiba mmoja, lalamiko moja. Martha akajibiwa kwa mafundisho, akaambiwa, “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima,” na Mariamu hakupewa fundisho hata moja, alipewa machozi ya Bwana mwenyewe. Yesu alilia huku akijua kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke nje. Uhakika wake wa ufufuo haukumfanya ayaone machozi ya Mariamu kuwa ni upungufu wa imani. Mzee alikuwa akimalizia kwa kuniambia kwamba mtu akiingia msibani, kwanza amtazame mfiwa ajue kama amemkuta Martha au amemkuta Mariamu, na kwamba mara nyingi mfiwa huwa Martha asubuhi na Mariamu usiku.

Tangu wakati huo nimeingia katika misiba mingi, na sijapata kuona ushauri ulio bora kuliko huo. Wapo wafiwa wanaotaka kuzungumza juu ya mbingu, juu ya ahadi, juu ya siku ya mwisho, na kuwanyima mazungumzo hayo ni kuwadhulumu. Wapo wengine ambao hawataki kusikia lolote ila jina la mpendwa wao likitajwa kwa upendo. Anayefariji kwa imani hana budi kuwa na subira ya kungoja aone ni lipi linahitajika, na asiwe na haraka ya kutua mzigo wake wa maneno ili apate kuondoka.

Kuna jambo jingine ambalo Mzee alilijua na ambalo wengi wetu hatulijui mpaka yatupate: msiba huwa mzito zaidi watu wakishatawanyika. Miezi kadhaa baada ya maziko, nyumba ilipokuwa imerudia ukimya wake na simu zimepungua, Mzee alikuja tena, safari hii akiwa na kisanduku cha vifaa. Alikuwa ameona, siku ile ya kwanza, kwamba mlango wa nyuma wa mama yangu ulikuwa umelegea bawaba na komeo lake halikuwa likiingia vizuri, jambo ambalo baba alikuwa akipanga kulishughulikia kabla hajaanza kuumwa. Aliung’oa mlango, akaulaza, akaupiga randa upande uliokuwa umevimba, akafunga bawaba mpya, akaufungua na kuufunga mara nyingi huku ameinamisha kichwa akisikiliza kama kuna mahali unapogusa. Mama alitaka kumlipa, akakataa kwa upole. Kisha akaomba dua fupi pale pale mlangoni, kwamba Bwana amlinde mama huyu aingiapo na atokapo. Waraka wa Yakobo unasema kwamba dini iliyo safi mbele za Mungu ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na mimi nilimwona mtu akiwatazama akiwa na bisibisi mkononi.

Siku hiyo ndipo aliponionyesha Biblia yake. Pembeni mwa Zaburi ya 68, penye maneno “Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, Mungu katika kao lake takatifu”, palikuwa na majina yaliyoandikwa kwa ile penseli bapa, herufi nene na zenye kuinama kidogo, na jina la baba yangu lilikuwa miongoni mwake, pamoja na tarehe aliyofariki. Yalikuwa majina ya watu waliofariki ambao jamaa zao alikuwa akiwaombea. Aliinoa penseli hiyo kwa patasi, kama alivyofanya kazini, na alipojaza ukingo mmoja wa ukurasa alihamia mwingine. Kila mwaka tarehe ile ilipofika alinipigia simu. Hakuwa na mengi ya kusema. Aliuliza hali ya mama, akamtaja baba kwa jina, akaomba, akaaga. Katika ulimwengu ambamo watu humsahau marehemu wa mwenzao upesi, sijui kama alikuwa akijua simu ile ilinishikilia kiasi gani.

Ndugu zangu, watoto wa Mzee, haya ndiyo ninayotaka kuyaleta kwenu.

Kwanza, waacheni watu wawaonyeshe kazi za mikono yake. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma habari za Tabitha wa Yafa, mwanamke aliyejaa matendo mema. Alipofariki na Petro akaitwa, wajane walisimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo ambazo Tabitha alizishona alipokuwa pamoja nao. Hawakutoa wasifu wenye vyeo, walionyesha nguo. Mtawaona watu wakija kuwaambia kwamba meza wanayolia chakula, kitanda walichozalia, au kiti cha mwalimu wa watoto wao vilipita mikononi mwa Baba, na wengine watawaambia walikilipia kwa awamu kwa sababu alikubali kuwangoja. Wasikilizeni, hata mnapokuwa mmechoka, na mmoja wenu ayaandike. Miaka ikipita mtavihitaji visa hivyo, na wajukuu waliomjua akiwa mgonjwa tu watapata kujua jinsi alivyokuwa akiimba huku akipiga randa.

Mama yetu, kwako sina fundisho. Umeishi na mtu huyu ujana wenu na uzee wenu, na mahali alipokuwa akiketi hapawezi kujazwa na mtu yeyote miongoni mwetu. Nakukumbusha tu kwamba Bwana Yesu, akiwa katika maumivu ya msalaba, alimwona mama yake amesimama pale, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi huyo akamchukua nyumbani kwake. Aliyemkumbuka mama yake katika saa kama hiyo hatashindwa kukukumbuka wewe usiku unapoamka na kukuta upande wa pili wa kitanda ni mtupu. Ukiona vyema kulia, lia. Ukiona vyema kucheka kwa kukumbuka vituko vyake, cheka, wala usimwogope mtu.

Kaka yetu mkubwa, najua wamekwisha kukuambia kwamba sasa wewe ndiye baba wa nyumba, kwa hiyo jikaze. Yusufu alikuwa mkuu wa nchi nzima ya Misri siku Yakobo alipokata roho akiwa na miaka 147, na Maandiko yanasema alimwangukia baba yake usoni, akamlilia, akambusu. Wamisri walimwombolezea mzee yule mgeni siku 70, na walipofika ng’ambo ya Yordani Yusufu akafanya maombolezo mengine ya siku 7. Hakuna mahali popote ambapo cheo chake kilimkataza kulia, wala hakuna aliyemdharau kwa hilo. Utaongoza nyumba hii vizuri zaidi ukiwa umempa baba yako machozi yake.

Nawe mdogo wetu, uliyekuwa mbali Baba alipovuta pumzi ya mwisho, nimesikia unavyojisumbua ukisema laiti ungalikuwapo. Kumbuka kwamba maneno ya Martha na Mariamu yalikuwa ya namna hiyo hiyo, na Bwana hakuyakemea. Nilipomtembelea Baba katika ugonjwa wake, alikuwa akilitaja jina lako bila kuulizwa, na siku uliyokuwa umepiga simu ilijulikana usoni pake kabla hajasema. Alikuwa anajua uliko na kwa nini uko huko. Mzazi haupimi upendo wa mwanawe kwa saa moja ya mwisho, na Mungu, ambaye Zaburi ya 103 inasema huwahurumia wamchao kama baba awahurumiavyo watoto wake, akikumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi, hakudai hilo kwako pia.

Kuna neno moja zito ambalo rambirambi nyingi huliruka, nami nalisema kwa kuwa nawapenda. Baada ya baba kuondoka, ndugu huweza kuanza kutazamana kwa hofu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ndugu zake Yusufu: baba yao alipokwisha kuzikwa, walijiuliza kama sasa atawalipa maovu yote waliyomtendea, na Yusufu alilia waliposema naye, akawaambia wasiogope, akaahidi kuwalisha wao na watoto wao, akawafariji na kusema nao vema. Miaka mingi kabla ya hapo, Isaka na Ishmaeli, waliotenganishwa tangu utoto, walikutana kumzika Ibrahimu katika pango la Makpela. Ziko karakana, vifaa, na lile daftari la oda ambamo Mzee aliandika kila aliyetanguliza malipo na kazi aliyoahidiwa. Ketini pamoja mapema, Mama akiwepo, mlifungue daftari hilo kwanza kabla ya kuzungumza nani atachukua nini; wenye kazi ambazo hazijakamilika wamalizieni au warudishieni fedha zao. Paulo aliwaandikia Warumi, “Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana,” na Mzee aliishi hivyo. Nimeona mimi mwenyewe akikataa kuanza kazi mpya kwa sababu kulikuwa na kabati la mtu halijamalizika. Mkianza na heshima ya jina lake, mengine yatakuwa mepesi kuzungumzwa.

Na tumaini letu lipo. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaandikia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, kisha akawaeleza kwamba kama tunavyoamini Yesu alikufa akafufuka, vivyo hivyo Mungu atawaleta pamoja naye waliolala katika yeye, nao waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Sehemu hiyo inaisha kwa agizo: “Basi, farijianeni kwa maneno hayo.” Ninalipenda agizo hilo kwa sababu linatutaka tufarijiane sisi kwa sisi, mmoja akilegea mwenzake amshike, kwa kuwa hakuna mfiwa anayeweza kulibeba tumaini peke yake kila siku. Siku ambayo hamtaweza kuomba, semeni, tutaomba sisi. Siku ambayo Zaburi itakuwa chungu mdomoni, wekeni Biblia pembeni, tutakuja kuwasomea au tutakaa kimya pamoja nanyi. Biblia yake yenye yale majina, naomba itunzwe, na mmoja wenu aendelee na zile simu. Mimi niko tayari kushika nusu ya majina hayo mkinikubalia. Jina lake mwenyewe nimekwisha kuliandika pembeni mwa Zaburi hiyo hiyo katika Biblia yangu, pamoja na tarehe.

Ee Mungu, Baba wa rehema, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako huyu, kwa mikono yake, kwa ukimya wake na kwa kila mlango alioutengeneza bila malipo. Mshike Mama yetu katika saa za usiku. Mpe mwana wa kwanza hekima na mtu wa kuzungumza naye. Mwondolee mdogo wake lile laiti linalomtafuna. Uwaunganishe watoto hawa wawe kitu kimoja, na wajukuu wakue wakilijua jina la babu yao. Utupe sisi marafiki kumbukumbu ndefu, tusiwaache watu hawa wengine wakishaondoka. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo, aliyekufa na kufufuka. Amina.